Basi la Ghorofa Lafuata Nini Shamba?

Ukitoka mji wa Seaford, kusini mwa Uingereza, barabara ya pwani huteremka hadi bonde la mto Cuckmere, mahali paitwapo Exceat. Pana daraja jembamba, malisho ya kondoo kulia na kushoto, na upande wa bahari yamesimama majabali meupe ya Seven Sisters. Nyumba ni za kuhesabu. Hapo ndipo hupita basi namba 12 litokalo Brighton kwenda Eastbourne, nalo ni basi la ghorofa lenye siti sabini hivi. Hupita asubuhi, adhuhuri na jioni, kiangazi na masika.

Kwetu Mombasa, mtu akiona picha ya basi kama hilo kwenye malisho huuliza jambo moja: gari kubwa namna hii lafuata nini shamba? Basi la ghorofa tumezoea kulifikiria mjini, kwenye foleni na majumba marefu. Majibu yanayokuja haraka ni mawili. La kwanza, Waingereza wana pesa. La pili, ni ya watalii. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Ufaransa, Italia na Hispania zina pesa na zina pwani ndefu zilizojaa watalii, na bado njia zao za vijijini huendeshwa kwa mabasi ya kawaida. Tena basi la Exceat lapita pia Januari, baridi ikiwa kali na fukwe zikiwa tupu.

Nalifungua swali hili kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna jibu la swali linalotugusa zaidi: imekuwaje safari za kutoka Mombasa kwenda Kwale, Kaloleni, Kilifi na Malindi zikaishia mikononi mwa matatu, na njia hizo zingehitaji nini ili zibebe mabasi makubwa yenye saa maalumu?

Saa moja ndiyo inayochagua basi

Tuanze na hesabu, maana bila hiyo historia nzima haieleweki.

Ukubwa wa basi hauamuliwi na idadi ya abiria kwa siku. Unaamuliwa na saa ile moja ambayo watu ni wengi kuliko nyakati zote. Basi laweza kuzunguka na abiria sita kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, lakini kama saa moja na nusu asubuhi vituoni kuna watu sitini, kampuni lazima iwe na siti sitini saa hiyo. Ina njia mbili: kupeleka mabasi mawili madogo yenye madereva wawili, au moja kubwa lenye dereva mmoja. Na Uingereza mishahara ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika biashara ya mabasi. Ghorofa ya pili huongeza mafuta kiasi na huongeza bei ya gari, lakini haiongezi dereva. Basi likishanunuliwa kwa ajili ya saa hiyo moja, hakuna faida ya kuliegesha na kutoa dogo mchana. Litazunguka lilelile siku nzima, na mpita njia ataona ghorofa tupu ikikatiza malisho na kushangaa.

Saa hiyo moja inatoka wapi kijijini? Kwa sehemu kubwa, inatoka shuleni. Sheria ya Elimu ya Uingereza ya 1944 iliweka mipaka ya umbali wa kutembea: mtoto aliye chini ya miaka 8 asizidishe maili 2, na aliyezidi umri huo asizidishe maili 3, yaani kama kilomita 4.8. Anayeishi mbali zaidi ya hapo apatiwe usafiri bure, na mamlaka ya elimu ya eneo lake ndiyo ilipe. Katika maeneo ya mashamba, ambako shule moja ya sekondari hukusanya watoto wa vijiji vingi, sheria hiyo ilizalisha kundi kubwa la abiria wanaosafiri kwa wakati mmoja, siku tano kwa wiki, na ambao nauli yao ina mlipaji anayejulikana. Mwenye kampuni halazimiki kubahatisha. Anajua siti hamsini zimeshalipiwa kabla hajawasha injini.

Pwani iliongeza saa nyingine ya watu wengi, ya kiangazi. Mwaka 1938 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya likizo yenye malipo, na baada ya Vita Vikuu vya Pili familia za wafanyakazi zilimiminika baharini kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Hawakuwa na magari. Walifika kwa treni, kisha wakataka kufika ghuba ya pili, kijiji cha wavuvi cha tatu, kilima chenye mandhari. Likizo za shule zikianza, saa ya asubuhi inapungua watoto wa skuli, na saa ya mchana inajaa wageni. Basi lilelile likapata kazi mwaka mzima. Hapo ndipo pwani inapotofautiana na shamba la bara, na ndiyo sababu ghorofa zilikita mizizi zaidi kandokando ya bahari.

Daraja la reli na kichwa cha abiria

Lakini kutaka basi refu ni jambo moja, na kulipitisha ni jambo jingine. Vijijini Uingereza kizuizi kikubwa kilikuwa madaraja ya reli. Reli zilijengwa karne ya 19, barabara ikapita chini ya tao la mawe lililokadiriwa kwa mkokoteni wa nyasi. Basi la ghorofa la kawaida lilikuwa na kimo cha mita 4.4 hivi, na matao mengi hayakuliruhusu. Isitoshe, ghorofa za kwanza hazikuwa na paa. London yenyewe haikuruhusiwa kuezeka ghorofa ya juu hadi 1925, kwa kuwa polisi waliokuwa na mamlaka juu ya mabasi walihofia gari litapinduka. Kijijini pwani, penye upepo na manyunyu, nani angekaa juu bila paa Novemba?

Jibu lilitoka Lancashire mwaka 1927, katika kiwanda cha Leyland. Basi lao lililoitwa Titan TD1 lilikuwa na chasisi ya chini, na mwili wake ulipunguzwa kimo hadi mita 4 hivi kwa ujanja ambao inafaa uutazame kwa karibu. Kwa kawaida ghorofa ya juu ina njia ya kupita katikati, na viti viwili kila upande. Mtu akisimama kwenye njia hiyo anahitaji paa lililo juu ya kichwa chake, na paa hilo ndilo linaloongeza urefu. Leyland waliihamisha njia hiyo kando, upande wa kulia wa gari, wakaizamisha kama mfereji. Viti vya juu vikapangwa safu za watu wanne wanne walioketi sako kwa bako, na paa likashuka hadi karibu na vichwa vyao, kwa sababu pale penye viti hakuna anayehitaji kusimama wima. Mwenye kusimama husimama ndani ya mfereji.

Sasa mfereji huo huenda wapi? Unatokeza chini, kwenye dari ya ghorofa ya kwanza, juu kabisa ya viti vya upande wa kulia. Abiria aliyekaa pale akiinuka kwa kusahau hugonga kichwa. Ndiyo maana mabasi hayo yalibandikwa maonyo mgongoni mwa viti: angalia kichwa chako unapoinuka. Huko juu nako, aliyekaa dirishani akitaka kushuka, watu watatu huinuka kumpisha, wote wameinama. Konda akusanyaye nauli alilazimika kujinyoosha juu ya watu watatu ili aifikie sarafu ya wa nne. Kwa zaidi ya miaka ishirini wanavijiji wa Uingereza walisafiri hivyo, na bila adha hiyo njia nyingi za pwani zisingeona ghorofa kamwe.

Tiba ya kweli ilikuja na Bristol Lodekka. Magari ya majaribio yalitoka 1949, na uundaji wenyewe uliendelea hadi 1968. Wahandisi wa Bristol hawakugusa viti. Walikwenda chini ya gari, wakakisogeza pembeni kile chuma kinachopeleka nguvu ya injini hadi magurudumu ya nyuma, na ekseli ya nyuma wakaiinamisha katikati, ili sakafu ya chini ishuke karibu na barabara. Sakafu iliposhuka, ghorofa nzima ikashuka. Njia ya kupita ikarudi katikati juu na chini, kimo kikabaki cha kupita chini ya matao. Zaidi ya Lodekka 5,000 ziliundwa, na miili yake mingi ilijengwa Lowestoft, mji wa wavuvi wa mashariki mwa Uingereza. Ukiuliza ni gari gani hasa lililolifanya basi la ghorofa kuwa gari la shamba, mimi nitakutajia hili kabla ya jingine lolote.

Ile hofu ya kupinduka nayo ilipata jawabu. Basi la ghorofa la Uingereza hupimwa kwa kuinamishwa likiwa limepakiwa uzito ghorofa ya juu pekee, kama vile abiria wote wamekimbilia juu na chini hakuna mtu. Lazima lifike nyuzi 28 bila kuanguka. Linaweza kufika kwa sababu injini, ekseli na chasisi, yaani vitu vizito vyote, viko chini kabisa, na ghorofa ya juu imeundwa kwa bati jepesi na vioo. Matawi ya miti yalikuwa kero kubwa kuliko mteremko. Kampuni zilichukua mabasi yaliyochoka, zikayakata paa, zikayageuza kuwa magari ya kupogolea miti njiani.

Faida ya Agosti yalisha Februari

Chombo kikishapatikana, huja swali la nani avumilie miezi ya hasara. Sheria ya Barabara ya 1930 iliweka leseni za njia chini ya makamishna wa usafiri. Mtu hakuruhusiwa tena kuibuka na gari lake na kuchota abiria wa mwenzake siku ya jua. Kampuni kama Southdown, iliyoanzishwa 1915 na kuishika pwani ya Sussex, ililindwa dhidi ya ushindani, na kwa upande wake ilitarajiwa kuhudumia hata vijiji visivyolipa. Pesa za Agosti za njia ya ufukweni zikatumika kuweka basi la Februari la kijiji cha ndani. Southdown walikuwa na njia namba 31 iliyofuata pwani kutoka Brighton hadi Portsmouth, na kati ya 1957 na 1967 walinunua Leyland Titan PD3 karibu mia tatu kwa ajili ya njia za aina hiyo. Kampuni haiwezi kununua magari mengi hivyo kama haina hakika ya kuwa njia itakuwa yake kesho.

Kisha mambo yakageuka. Familia zikanunua magari, abiria wakapungua, na hapo sheria ya wafanyakazi ikaingia kwa namna ambayo wengi huisahau. Basi dogo la kijijini liliruhusiwa kuendeshwa na mtu mmoja anayeshika usukani na kupokea nauli. La ghorofa lilitakiwa liwe na konda. Kwa hiyo kampuni zilizotaka kubana matumizi ziliyaondoa maghorofa shamba, zikaleta ya kawaida. Mwaka 1966 ruhusa ilipotolewa ya kuendesha ghorofa bila konda, na kwa kuwa tayari kulikuwa na magari yenye injini nyuma na mlango mbele kama Leyland Atlantean ya 1958, ghorofa lilirudi. Kipindi hichohicho reli za vijijini zilikuwa zikifungwa, hasa baada ya ripoti ya Beeching ya 1963. Kisiwa cha Wight kilibakiwa na kipande kimoja tu cha reli kati ya Ryde na Shanklin, na abiria waliosalia wakawa wa mabasi ya Southern Vectis.

Oktoba 1986, nje ya London, ulinzi wa 1930 uliondolewa. Yeyote mwenye leseni angeweza kusajili njia na kushindana, na halmashauri zikabaki kununua kwa zabuni zile safari ambazo hakuna mfanyabiashara aliyezitaka. Vijiji vingi vya ndani viliumia na mpaka leo vinaumia. Pwani ilipona kwa sababu ya wazee. Miji ya bahari ya Uingereza imejaa wastaafu, na tangu Aprili 2008 wazee wa England husafiri bure kwa mabasi ya kawaida popote nchini humo nje ya saa za msongamano wa asubuhi, serikali ikiyarudishia makampuni sehemu ya nauli. Saa zile za mchana zilizokuwa tupu zikajaa watu wenye muda na hamu ya kuona bahari. Nauli ilipowekewa kikomo cha pauni 2 mwaka 2023, vijana nao wakagundua kwamba njia ndefu ya pwani ni matembezi ya bei rahisi kuliko yote.

Na yapo yale yasiyo na paa, ambayo watalii huyapiga picha zaidi. Hayo yana historia fupi na nyepesi: basi kuukuu la mjini hukatwa paa na kupelekwa ufukweni kumalizia umri wake, au, kama walivyofanya Devon General mwaka 1961, hununuliwa jipya lenye paa la kutoa na kurudisha. Ghorofa nyingi za shamba zilifika huko kwa njia hiyo ya kurithishwa. Zilianza kazi mjini, zikazeeka, zikapelekwa kijijini zikiwa zimeshajilipa.

Feri mbili

Kusini mwa Uingereza kuna basi ambalo mtu wa Mombasa atalielewa mara moja. Ni namba 50, kutoka Bournemouth kwenda Swanage. Kati ya miji hiyo miwili kuna mlango wa bandari ya Poole, na hakuna daraja. Tangu 1926 kuna feri ya minyororo pale Sandbanks. Basi la ghorofa, mara nyingi lisilo na paa, huingia ndani ya feri na abiria wake wakiwa wameketi, huvuka kwa dakika chache, likatoka upande wa pili na kuendelea na safari. Tiketi ni moja, siti ni ileile.

Kivuko cha Likoni, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, ni tofauti, na tofauti hiyo imeunda usafiri wa Kwale yote. Hapa kwetu mtu wa miguu huvuka bure na gari hulipa. Abiria anayetoka mjini hushuka upande wa kisiwani, huteremka mteremko kwa miguu pamoja na maelfu ya wenzake, huvuka, hupanda mteremko wa pili, kisha hutafuta matatu nyingine ya Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga. Njia moja imekatwa vipande viwili. Mwenye gari ana sababu nzuri ya kukubali mkato huo. Akiingia foleni ya feri hupoteza tripu nzima, wakati abiria wake anaweza kuvuka kwa miguu bila senti.

Na kuna bahari yenyewe. Mombasa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua. Maji yakipwa sana, mlango wa feri hushuka na mteremko wa kuingilia unakuwa mkali, na gari refu la nyuma ndefu huburuza tumbo. Poole ina bahati ya kuwa na maji yanayopanda na kushuka kidogo mno kulinganisha na bandari nyingi za nchi hiyo. Jambo hilo dogo la maumbile lina uzito kuliko linavyoonekana.

Kuna ukweli mmoja wa Likoni ambao vijana wengi hawaujui: kwa miaka mingi feri hiyo iliendeshwa na kampuni ya basi, Kenya Bus ya Mombasa, hadi ilipochukuliwa na shirika la feri mwaka 1989. Yaani kulikuwa na wakati ambapo mwenye basi na mwenye chombo cha kuvukia walikuwa mtu mmoja.

Kaskazini vizuizi vilikuwa vingi zaidi, na vimeondoka kimoja kimoja. Nyali palikuwa na daraja la kuelea tangu 1931, hadi daraja la zege la leo lilipofunguliwa 1980. Kilifi kulikuwa na feri hadi 1991. Kabla ya hapo, safari ya Mombasa hadi Malindi ilipangwa kwa kukisia foleni ya majini, na hakuna anayeweza kutoa ratiba ya kweli katika hali hiyo.

Ikijaa ndiyo iondoke

Ratiba ndiyo kiini. Basi la Exceat huondoka saa yake ikifika, hata kama lina watu watatu. Matatu yetu huondoka ikijaa. Chukua sheria hiyo ya kujaa uitumie kwa gari la siti 70 pale steji: abiria wa kwanza ataketi saa kumi na mbili, na saa mbili atakuwa bado anasubiri. Atakuwa mjinga kutoshuka akapanda ya siti 14 inayoondoka mbele yake. Kadiri gari linavyokuwa kubwa katika mfumo wa kujaza, ndivyo linavyozidi kuwa baya kwa abiria, na ghorofa lingekuwa baya kupita yote. Basi kubwa hufaa pale tu mtu mwingine, aidha kampuni au serikali, anapobeba gharama ya siti tupu.

Kenya tuliondoka polepole kwenye mfumo wa ratiba. Amri ya Rais Jomo Kenyatta ya 1973 iliziruhusu matatu kubeba abiria, na kwa haki kabisa, kwa sababu mabasi ya kampuni hayakuwafikia watu wengi wa vitongoji na mashamba. Matatu zilikwenda kusikoendeka. Lakini zilikwenda pia kule kwenye faida, saa za faida, na hapakuwa na leseni ya njia kama ile ya Southdown ya kuzuia. Pesa za saa ya watu wengi, ambazo zingelisha basi la adhuhuri la kijijini, ziligawanyika kwa matajiri wengi wenye gari moja moja, kila mmoja akingoja hesabu yake ya jioni. Silaumu mtu. Mwenye mkopo wa gari hawezi kuendesha siti tupu kwa ajili ya Kinango, huko ndani ya Kwale.

Ushahidi mzuri upo katika kampuni moja. Stagecoach ya Scotland ilinunua Southdown mwaka 1989, na miaka miwili baadaye ikanunua hisa za Kenya Bus. Kwa hiyo walikuwa na uzoefu wa kuendesha maghorofa kwenye barabara ya Brighton hadi Portsmouth. Walileta maghorofa ya Dennis Dragon yenye ekseli tatu, lakini waliyapeleka Nairobi, kwenye njia za mjini zenye watu tele. Mwaka 1998 waliuza na kuondoka. Ujuzi waliokuwa nao wa pwani haukuwa na pa kushikia huku, maana mambo yaliyoushikilia kwao, yaani siti za shule zilizolipiwa na safari zinazonunuliwa na halmashauri, hapa hayakuwapo.

Halafu kuna jambo la keria. Litazame basi la Kinango likipakiwa asubuhi. Utingo yuko juu, mwingine kwenye ngazi ya nyuma, na kinachopanda hakina mwisho: godoro lililofungwa kwa kamba, mabati yaliyoviringishwa, magunia ya sukari na unga ya mwenye duka, jerikeni tupu zilizoshikanishwa kwa uzi mmoja, baiskeli, tenga la vifaranga. Mama mwenye duka anasimama chini, macho yake hayatoki kwenye gunia lake mpaka aone limefungwa. Jioni likirudi hushusha nazi, maembe, mahindi, na mbuzi wa sherehe ya mtu. Kwa kijiji kile, basi ndilo lori. Nauli ya mzigo ni sehemu ya mapato, na mwenye duka asiye na gari anaishi kwa keria hiyo. Uingereza mzigo mzito ulikuwa na reli yake na malori yake, kwa hiyo sehemu ya juu ya basi ilibaki wazi kwa watu. Huku ghorofa ya pili ilishakuwa na kazi tangu zamani. Anayependekeza kuleta maghorofa njia za shamba aeleze kwanza gunia la mama yule litakaa wapi.

Kinachofaa kuchukuliwa

Kila mara serikali au kaunti inapozungumzia mabasi makubwa, mjadala huelekea kwenye gari lenyewe: la ghorofa, la umeme, refu, jipya. Nadhani tunaanzia mkiani. Ninachokionea wivu pwani ya Uingereza ni yule mlipaji wa siti za wanafunzi. Mtoto wa Kenya akisimama barabarani na sare yake, makanga wengi humpita, kwa kuwa nauli ya mwanafunzi huwa pungufu na mahali pake panatosha mtu mzima. Mtoto huyo huchelewa shule si kwa uvivu. Kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikinunua siti hizo kwa mkataba, hata kwa njia chache za majaribio, mwenye gari atampigia honi mtoto badala ya kumkwepa, na hapohapo litazaliwa basi la kwanza lenye saa maalumu, kwa sababu kengele ya shule haingoji gari lijae.

Barabara zinaruhusu sasa kuliko wakati wowote. Ya Mombasa kwenda Kilifi kupitia Mtwapa imekuwa ikipanuliwa. Kupitia barabara ya Dongo Kundu, gari linaweza kutoka Miritini likafika barabara ya Likoni na Lunga Lunga bila kugusa feri. Ule mkato ulioigawa safari ya Kwale vipande viwili unaweza kuzungukwa sasa. Njia ya Changamwe hadi Ukunda kwa kupita huko inaweza kuanza na basi la siti hamsini lenye keria, liondoke kwa saa iliyobandikwa ukutani, na wanafunzi wawe wamelipiwa. Likianza kuacha watoto vituoni kila asubuhi kwa kukosa nafasi, hapo ndipo tupime nyaya za umeme na vivuko vya waenda kwa miguu vilivyo juu ya barabara, tuone kama mita nne zinapita.